Harusi Niliyoifuta Tarasaa

Kila nikienda sokoni kuna mtu wa kuniuliza, "Eva, ile filamu yako ilifika ng'ambo?" Wengine huuliza kwa wema, wengine kwa kuficha kicheko. Nimechoka kujibu vipande vipande, huyu nusu na yule robo, halafu mkikutana mnaunganisha na kunitungia ya kwenu. Basi haya yote hapa, tangu nilipotoka hapa kijijini kwetu Wema hadi niliporudi. Mkishasoma, mniache.

Kazi yangu mnaijua. Napiga video za harusi, tena upande wa wanawake tu. Nyumba ya Waislamu ikitaka picha za ndani, ambako wanawake wamevua buibui na kuvaa dhahabu zao, mwanamume haingii na kamera. Ndipo naitwa mimi, Mpokomo wa kanisani mwenye mashine begani. Sharti la kazi hii halijaandikwa popote, lakini kila mama wa kwetu analijua: kanda ni moja. Nikimaliza kupiga naitoa kwenye kamera pale pale, namkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Sinakili, na kanda haitoki nyumba ile. Kwa sababu hiyo wananifungulia milango.

Filamu niliyoipeleka haikuwa ya harusi. Ilikuwa ya mama yangu na Bi Halima, yule Mworma aliyekuwa akituletea maziwa. Kabla mimi sijazaliwa tayari alikuwa akifika kwetu asubuhi na kibuyu chake, naye mama anampimia mchele kwa kibaba. Na kila asubuhi waligombana. Mama: "Halima, maziwa haya umeyapunguza." Halima: "Mama Eva, mchele yako nusu mawe. Mimi nakula mawe?" Nimewapiga asubuhi nyingi, kiangazi na masika, moja baada ya nyingine, kwa kuwa sina mashine ya kukata na kuunganisha. Kilichotangulia kutokea ndicho kilichotangulia kwenye kanda.

Mwisho wake ulikuja wenyewe. Asubuhi moja mama aliingia ndani kuchukua mchele, na mimi nikabaki na kamera. Halima alikuwa amekwisha kumpimia maziwa yake. Akatazama mlango, akainamisha kibuyu tena, akamwongeza mama kama kikombe kizima juu ya kipimo, haraka, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kanga. Mama alipotoka, Halima alikuwa amekwisha kununa kama kawaida. Aliponiona nimemwona, akaweka kidole mdomoni.

Nilijiambia, hapa ndipo filamu inapoishia. Mama ataliona jambo hili siku kanda itakaporudi na sifa zake, tena mbele za watu, na Halima amekaa ubavuni pake. Nilikuwa nimekwisha kuipanga ile siku kichwani mwangu.

Wema hadi Garsen, juu ya mashamba

Mwanamke mmoja wa Nairobi, nitamwita Njoki, aliwahi kupita Garsen akaona kazi yangu kidogo. Yeye ndiye aliyeniambia kuna tamasha ng'ambo, la filamu za watu weusi peke yao, na kwamba yeye anakusanya kazi za hapa kwetu zipelekwe na mtu anayesafiri. Niliyezoea kuitwa "yule wa harusi", nikasikia kwa mara ya kwanza mtu akiniita mtengenezaji wa filamu. Hilo jina lilinilevya, siwafichi.

Lakini mwaka wenyewe ulikuwa ule wa El Nino. Tana ilikuwa imeacha njia yake na kutembea itakako. Siku ya kuondoka mtumbwi ulifika hadi mlangoni kwetu, pale mama anapoanikia mchele. Halima naye alikuwepo, amevushwa na watu, na kibuyu chake kilikuwa chepesi.

Mama akasema, "Tuonyeshe kwanza sisi. Ndipo hao wengine waone."

Nikamweleza. Betri ya kamera imekufa. Umeme wa Garsen ni jenereta ya mwenye duka, na haina dizeli kwa kuwa barabara imekatika. Nikingoja dizeli, nitakuta mtu wa Njoki ameshaondoka.

"Mtaiona ikirudi," nikasema.

"Mimi nasubiri?" Halima akauliza.

"Subiri, Bi Halima."

"Haya. Mimi nasubiri." Akaweka tena kile kidole mdomoni, mama akiwa amempa mgongo.

Tulipita na mtumbwi juu ya mahindi yetu. Niliyaona chini ya maji, yamelala upande mmoja. Mwenye mtumbwi alikuwa akigusagusa chini kwa upondo na kunitajia: hapa ni kwa fulani, hapa ni kwa fulani, hapa ni njia ya kanisani. Kanda nilikuwa nimeizungushia nailoni, kisha kanga, nikaifunga kifuani. Kamera nayo sikuthubutu kuiacha kwenye nyumba inayoingiwa na maji, nikaibeba begani.

Garsen, kungoja trekta

Kosa langu lilikuwa kushuka Garsen na kamera inaonekana. Watu walidhani nimetumwa na wale wa chakula cha msaada. Kabla sijanywa chai, kulikuwa na foleni mbele yangu. Huyu ana watoto wangapi, yule nyumba yake imelala. Nilisema mimi si wa serikali, si wa redio, nakwenda Nairobi na shughuli zangu. Hakuna aliyeamini. Mtu mwenye shughuli zake anabeba jembe, habebi kamera.

Mzee mmoja alinishika mkono, akataka nikapige shamba lake lililozama ili waone. Nikamwambia betri imekufa, na kanda ninayo moja tu, ina kazi yangu.

"Ndani imejaa?"

Sikutaka kumdanganya mzee. "Haijajaa. Imebaki nafasi."

Akanitazama. "Kumbe ni ya harusi tu," akasema, akaondoka. Ningependelea anitukane.

Nilikula kambare mpaka nikamchukia. Mafuriko yaliondoa unga yakaleta samaki, na kila kibanda kilikuwa na kambare wa kuchemsha, chumvi kidogo. Mwishowe ikapatikana trekta yenye tela, inakwenda Tarasaa kuchukua magunia. Tulipanda juu yake pamoja na mbuzi na fundi cherehani aliyekumbatia cherehani yake. Mahali pengine maji yalifika kwenye ekseli, dereva anasoma Bismillahi, nasi Wakristo tunaitikia Amina. Hakuna aliyejali dini ya nani ni ipi.

Tarasaa, nyumbani kwa Bi Zuhura

Tarasaa tukaambiwa mbele hakupitiki. Barabara ya Malindi imeliwa. Nilikuwa nimesimama barazani kwa watu, nimelowa, nikiwaza nitalala wapi, mlango ukafunguliwa.

"Weye si ndiye mpiga picha wa wanawake? Ndoo ndani, mwanangu, ndoo. Mai yamekuzidi."

Huyo ndiye Bi Zuhura. Asili yake ni Kipini, ambako njoo ni ndoo na maji ni mai, ameolewa Tarasaa na mwenye duka. Alikuwa ameniona kwenye harusi ya dada yake. Alinivua nguo zilizolowa, akanipa kanga zake, akaniwekea wali wa nazi na mchuzi wa kamba aliokuwa ameuficha kwa ajili ya shughuli. Baada ya wale kambare, nilikaribia kulia. Wala hakuniuliza nitakaa hadi lini. Nilikaa hadi nikajua watoto wote kwa majina.

Shughuli yenyewe ilikuwa harusi ya bintiye, Mwanaisha. Mume alikuwa wa Kipini. Mafuriko yalikuwa yameisogeza harusi mara kadhaa, na sasa mzee wa upande wa mume alituma neno: wafungishwe, bibi harusi achukuliwe kwa mashua njia ikiruhusu. Bibi yake Mwanaisha, mzaa mama, alikuwa Kipini kitandani, hawezi kusafiri.

Wakaanza kuniomba taratibu. Kwanza shangazi: "Na kamera unayo." Kisha jirani: "Na jenereta ya duka ingali na mafuta kidogo, betri itakula." Mimi nasema kanda sina. Siku ya harusi yenyewe Mwanaisha akaja mwenyewe, hina haijakauka mikononi, akakaa kando yangu.

"Dada Eva, hata kidogo. Bibi anione siku yangu hii."

Nilikuwa nimekula wali wao na kuvaa kanga zao. Na kanda yangu ilikuwa na nafasi mwishoni, hilo nililijua. Nikasema, nitapiga kuanzia pale filamu yangu inapoishia. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mkono wa kazi ukishazoea, haungoji kichwa.

Nikapiga. Na niwaambie ukweli, sijawahi kupiga vile. Chumba kidogo, mvua juu ya bati, wanawake waliopoteza mashamba na ng'ombe wakacheza kana kwamba hakuna maji nje. Wakagonga vugo, ile ngoma ya pembe ya kwao Kipini. Mwanaisha alipofunuliwa uso, mama yake alicheka na kulia kwa pamoja. Nikazima kamera, nikaitoa kanda, kama ninavyofanya siku zote.

Bi Zuhura akanyoosha mkono. Mimi nikabaki nimeishika.

Hapo ndipo sote wawili tulipoelewa tulichokifanya. Kwake, kanda yenye wanawake wa nyumba yake ni ya nyumba yake, na anayejua hilo kuliko wote ni mimi. Kwangu, ndani ya kanda ile mlikuwa na mama na Halima, na Nairobi ilikuwa ikiningoja. Mashine ya pili ya kunakilia haikuwepo Tarasaa nzima. Shangazi akaleta mkasi, akasema si tukate tu katikati, kila mtu achukue chake. Nilipiga kelele kama aliyeumwa na nyoka. Hata kama mkato ungekubali, hakukuwa na kasha la pili la kutilia kipande.

"Nikienda nayo," nikasema, "naapa hakuna mwanamume atakayeiona."

"Nairobi?" Bi Zuhura akasema. "Mwanangu, utaapa kwa ajili ya Nairobi?"

Hakukasirika. Alimpokonya shangazi mkasi, akauweka chini. Halafu akaniuliza kama inawezekana kufuta. Nikasema ndiyo. Nairudisha kanda hadi mwisho wa filamu yangu, naziba jicho la kamera kwa kofia yake, napiga giza juu ya harusi.

"Basi futa," akasema. "Kazi yako umeihangaikia kabla ya yetu. Hini ya yeo, tuliyoyaona kwa mato yatatosha." Ndivyo wasemavyo kwao: ya leo, waliyoyaona kwa macho yatawatosha.

Ningeweza kumwambia, hapana, chukua, nitarudi Wema. Neno lilinifika ulimini. Nikamtazama Mwanaisha, naye akatazama hina yake. Nikairudisha kanda.

Kufuta hakwendi mbio. Harusi iliyochukua muda fulani hufutwa kwa muda ule ule. Nikaiweka kamera juu ya mkeka, kofia imeziba, taa nyekundu inawaka, na wanawake wote wamekaa kuizunguka kama wanaokesha maiti. Mwanzo ilikuwa mvua tu juu ya bati. Kisha Mwanaisha akaanza kulia, polepole, kilio cha mtu asiyetaka kusumbua. Somo wake, mwanamke mzima aliyemfunda, akaanzisha wimbo wa vugo kwa sauti ya chini, wengine wakapokea. Bi Zuhura akamwambia mwanawe maneno ya kumpoza, ya mama kwa binti anayeondoka. Yote haya kamera ikisikiliza. Nilisahau kwamba ile kofia huziba jicho, haizibi sikio.

Malindi, Mombasa na ile njia ndefu

Nilipata lori la kwanza lililopita. Bi Zuhura alinifungia mikate ya mofa, akanisindikiza hadi barabarani. Mwanaisha hakutoka.

Mombasa nilikula viazi karai nimesimama, nikapata basi. Nalo basi lilikwenda kama linaloagana na kila mti. Mvua ilikuwa imeivunjavunja barabara kuu, na mbele ya Mtito Andei tulikuta malori yamejipanga hadi macho yanakoma. Tulishuka, tukakaa pembezoni. Madereva walikuwa wamewasha majiko, mmoja akatugawia maharagwe kwa kifuniko cha sufuria.

Niliyekaa naye kitini alikuwa mama mmoja wa Kikamba, mfanyabiashara wa vyondo. Tangu Mombasa alikuwa akinijali kupita kiasi. Ananiachia upande usio na upepo, anawanyamazisha watu nyuma yetu. Hapo kwenye foleni akaniinamia.

"Huyu mtoto wako analala sana. Umemnyonyesha?"

Kumbe ile kanda iliyofungwa kwenye kanga kifuani! Nikafungua, nikamwonyesha. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Na huyu unampeleka kwa baba yake?" Nikamwambia nampeleka kwa watu nisiowajua, wakamtazame kama anapendeza. Akaacha kucheka. "Mtoto anaonyeshwa kwa nyanya yake kwanza," akasema, kwa mzaha tu, akarudi kwenye maharagwe yake.

Nairobi, ghorofani

Ofisi ya Njoki ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Alipofungua mlango akaniona, uso ulimbadilika, nikajua kabla hajasema.

"Eva, pole sana. Mtu wetu alipanda ndege jana."

Nilikaa kwenye ngazi. Njoki akanivuta ndani, akaniletea chai ya maziwa, akasema walau aione. Akaitia kwenye mashine yake. Tukawatazama mama na Halima wakigombana, masika na kiangazi. Njoki alicheka mahali pa kucheka. Halima alipoongeza kile kikombe na kuweka kidole mdomoni, Njoki alifunika mdomo wake kwa mkono.

Kisha picha ikaisha, giza likaanza. Nilinyoosha mkono kuzima, yeye akauzuia. Kutoka kwenye giza lile kilitoka kilio cha Mwanaisha, mvua, vugo, na sauti ya Bi Zuhura ikimwambia mwanawe, "Usilie, mama. Bibi atakuona kwa macho yake, Mungu akipenda."

"Hawa ni nani?" Njoki akanong'ona.

"Wenyewe. Harusi yao niliifuta."

Akaniambia mwaka ujao kutakuwa na tamasha tena, na mashine mbili anazo, pale pale mezani. "Niachie nakala. Saa hii tu. Hata lile giza, usilitoe, ndilo limenishika."

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, bila kufikiri. "Sisi hatunakili. Humu mna wanawake wa watu."

Aliniomba mara ya pili. Mimi nikaona namlindia Bi Zuhura heshima yake, nikafunga kanda kwenye kanga, nikaaga. Nilijiona mwaminifu sana nikishuka zile ngazi.

Basi lilikuwa limefika Voi ndipo akili iliponirudia. Si ningenakili sehemu yangu peke yake, mama na Halima, nikaishia hapo giza linapoanza? Mashine mbili mezani! Mtu yeyote wa Nairobi angeliwaza hilo kabla chai haijapoa. Lakini mimi katika maisha yangu yote ya kazi kanda ni moja, na unayo ama umeitoa. Nilipiga goti langu kwa ngumi hadi abiria wakanitazama.

Kurudi

Tarasaa maji yalikuwa yameanza kupungua. Bi Zuhura alinipokea kama mtoto aliyetoka safari. Swali lake la kwanza lilikuwa hilo mnaloniuliza ninyi.

"Ilifika?"

"Nilichelewa. Ndege ilikuwa imeshaondoka."

"Inna lillahi," akasema. Hakusema, basi harusi yetu ilifutwa bure. Angesema ningepata la kujitetea. Mwanaisha alikuwa ameshachukuliwa Kipini, na yule bibi aliyekuwa kitandani alifariki kabla mashua haijafika.

Nilimwambia kuna kitu kwenye kanda anapaswa kukisikia. Wanaume wakatolewa, jenereta ikawashwa, nikaiunganisha kamera na televisheni ya duka. Walicheka sana na mama na Halima, wakawatambua, kwani nani asiyejua magomvi ya namna ile. Giza lilipoingia na sauti ya Mwanaisha ikasikika, Bi Zuhura aliisogelea televisheni hadi akaigusa. Hakuna uso, hakuna dhahabu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya kioo cheusi.

Ilipoisha niliitoa kanda. Safari hii hakunyoosha mkono. Nikaiweka mimi mwenyewe mapajani mwake.

"Na mamako?" akaniuliza.

"Mama nitampiga tena. Yuko na Halima, kila asubuhi wanagombana."

Nilivuka kwenda Wema na kamera tupu, na moyo wangu mwepesi kidogo. Mama alikuwa akitoa matope ndani ya nyumba. Akanitazama kifuani, pale palipokuwa na kanda.

"Umetuacha wapi?"

Nikamweleza safari yote. Nilipofika kwenye kupiga tena, akaacha kusukuma matope. Akaniambia ng'ombe wa kina Halima walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa maji, na waliobaki wamehamishwa juu, mbali, hakuna anayejua ni wapi. Halima alikuja kuaga, akaulizia kama nimerudi. Alingoja pale mlangoni hadi wenzake wakamwita.

Njia ilipokauka mama alikwenda Tarasaa. Alijifunga kanga yake nzuri, akabeba kamera yangu ya kuichezea kanda na mchele wa kumpelekea Bi Zuhura. Wale wanawake wakamkaribisha kama ndugu, wakamwashia jenereta, akajiona. Aliporudi nilimngoja aseme. Alikaa, akavua viatu, akavipanga.

"Siku ile ya kuaga," akasema, "alileta maziwa kidogo, ya mwisho. Nikamwambia, Halima, hata leo wanipunja? Akacheka tu."

Akakirudia kiatu kimoja, akakinyoosha.

"Na wewe ulijua, Eva. Ulijua, ukaniacha nimwite mwizi."

Hakurudia tena maneno hayo. Lakini mkipita kwetu asubuhi mtamkuta anapima mchele wa kupika, kisha kibaba kingine anakitia kwenye debe alilomwekea Halima nyuma ya mlango. Anakisawazisha kwa kiganja, kama zamani. Halafu ananitazama kuona kama nimegeuka kando, na mimi hugeuka, ndipo anaongeza konzi moja juu.